Dole Gumba la Kulia

Lilianza kufa ganzi Ijumaa jioni, katika banda la gemu nyuma ya stendi ya Bagamoyo. Nilikuwa nacheza mpira wa kwenye runinga na rafiki yangu wa chuoni, ninayeishi naye chumba kimoja. Nilipotaka kupiga shuti, dole gumba langu la kulia halikunitii.

"Mwanangu, umelala?" akauliza, huku ananifunga. "Au unanihurumia?"

"Silisikii dole."

Alicheka mpaka kiti cha plastiki kikalia. "Leo dole! Jana ulisingizia jua la machoni!"

Mimi sikucheka. Jumatatu nilikuwa na mtihani wa ilimba, kile kisanduku chenye vijiti vya chuma, na ilimba hupigwa kwa madole gumba mawili tu; vidole vingine kazi yao ni kushika. Ulikuwa mtihani wa marudio. Nikianguka tena, chuo basi. Nilikwisha kujiona nikishuka Msata na begi langu mbele ya mama, anayeuza mahindi ya kuchoma pale mabasi yanaposimama, na wenzake wote wakiacha kupepea makaa ili wanitazame.

Na nilikuwa nimejipanga! Asubuhi mazoezi, mchana darasa, baada ya alasiri gemu, magharibi ikiadhiniwa niko njiani kurudi. Sikuwahi kukosa kipindi hata kimoja. Muda niliugawa kwa haki, lakini madole yalikuwa yaleyale, asubuhi na jioni, na hayakupumzika.

Jumamosi nililichua kwa mafuta ya nazi. Jumapili mchana tulisonga ugali chumbani. Nikamega tonge likiwa bado linatoa moshi, nikalitia kishimo cha mchuzi. Rafiki yangu akanitazama mkono.

"Hujaungua?"

Ngozi ya dole ilikuwa nyekundu. Sikuwa nimesikia kitu. Hakutania tena siku ile, na hilo lilinitisha kuliko dole lenyewe.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema Jumatatu.

"Marahaba, mwanangu. Haya, tusikie." Mwalimu wetu, mama mtu mzima, husikiliza akiwa amefumba macho.

Nikaanza. Dole la kushoto lilikwenda vizuri. La kulia lilichelewa, kisha likapitiliza chuma, kisha likatua na nisijue limetua wapi. Kila palipobaki pengo nikaliziba kwa mdomo, nikiimba ile sauti iliyokosekana, na sauti yangu ilitetemeka kama ya mtoto aliyeitwa mbele ya watu. Nilipomaliza, mwalimu alikuwa amefumbua macho.

"Lete huo mkono." Akabonyeza ukucha. "Unasikia?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Kidogo. Ni gemu, mwalimu. Kila jioni."

Alilishikilia dole langu kitambo, kama mtu anayepima samaki kama bado mzima.

"Umepita," akasema. "Wimbo unaujua. Lakini mwaka ujao hakuna kuimbia mapengo, na sitaki kusikia umepita popote kabla ya hospitali."

Nilidhani neno 'umepita' lingenitua mzigo. Halikunitua. Tulikaa kwenye benchi la hospitali, rafiki yangu amenipakatia ilimba, tukisubiri kuitwa. Nikamwona anabonyeza dole gumba lake la kulia, halafu la kushoto, halafu anarudia la kulia.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Hamna kitu," akasema, na akaficha mikono chini ya ilimba.