Kiti cha Mjukuu

Kwenye kituo cha teksi Baba aliitwa Mzee Mkanda, kwa sababu hakuwasha gari mpaka asikie kila abiria amefunga mkanda. Mteja akibisha, aliegemea kiti, akakunja mikono na kusema kwa upole, "Mimi sina haraka, bosi." Wengine walishuka wakisonya. Yeye aliwapungia mkono.

Kila jioni alimsomea Mama kijitabu chake cha sheria za barabarani, kilichochakaa mpaka kikashikizwa kwa gundi. Mama alikuwa akichambua mchele.

"Abiria wa nyuma naye afunge mkanda. Dereva asishike simu. Mtoto mchanga asipakatwe garini, awekwe kwenye kiti chake..."

"Nimesikia, Baba Watoto. Hawa wanao wawili niliwapakata, mbona wamekua na midomo juu?"

Dada alipojifungua, baada ya miaka tisa ya kungoja, Mama alitaka kitu kimoja tu: ampakate mjukuu kutoka hospitali mpaka nyumbani. Shuka la kumfunikia alilifua mara mbili. Baba naye alikuwa amenunua kiti cha mtoto, akakifunga nyuma ya gari na kufanya mazoezi kwa mfuko wa sukari wa kilo tatu.

"Mzee Mkanda," wenzake walimtania, "sukari nayo inatozwa nauli?"

Siku ya kutoka hospitali, Mama alifika kwenye gari akiwa amemkumbatia mtoto, Dada na mimi tukimfuata polepole.

"Nipe nimweke," Baba akasema.

"Umweke wapi? Mikono yangu ina kasoro gani?"

"Haina. Ila nikikanyaga breki ghafla, haitamzuia. Hata yangu haiwezi."

"Nimengoja miaka tisa, Baba Watoto."

"Najua."

Baba akaegemea gari, akakunja mikono kama afanyavyo kwa wateja. Lakini safari hii hakusema kwamba hana haraka. Alitazama viatu vyake.

Mama alimnusa mtoto utosini. Kisha akainama mlangoni, akakikagua kile kiti, na ghafla akaangua kicheko.

"Mzee Mkanda mzima! Umekifunga kinatazama mbele."

"Eti?"

"Mtoto mchanga hutazamishwa nyuma. Ukurasa wa kumi na moja. Si ndiwe uliyenisomea mpaka masikio yakaniuma?"

Nilidhani Baba angesema amesahau. Akakuna kichwa.

"Nilijua," alisema kwa sauti ya chini. "Nilitaka nikiendesha nimwone uso kwenye kioo."

Mama aliacha kucheka. Alimkabidhi Dada mtoto, akakunja mikono ya gauni lake, akaingia nyuma. "Haya, shika huko. Tugeuze."

Walikigeuza pamoja, wakigombana kwa kunong'ona kuhusu mkanda upite wapi. Mwishowe Mama mwenyewe akamlaza mtoto, akamfunga, akapitisha vidole viwili chini ya mkanda kuona kama haumbani. Akaketi kando yake, akajifunga na yeye bila kuambiwa.

Baba akasikiliza mikanda yetu mmoja mmoja, ndipo akawasha gari. Kwenye kioo aliona mgongo wa kiti tu.

"Anafanya nini?" aliuliza kwenye taa za kwanza.

"Amenishika kidole."

"Na sasa?"

"Anapiga miayo. Tazama barabara, mume wangu. Nitakuambia kila kitu."

Na alimwambia, mpaka tukafika nyumbani.