Dirisha la Kisogoni

Siku yangu ya kwanza kazini nilianguka. Nilikuwa na cheti kipya cha tiba ya viungo na sare iliyopigwa pasi ikakauka kama ubao, na msimamizi wa zahanati kule Kabazi, tuliyemwita In-charge, alitaka niwaonyeshe wagonjwa namna ya kusimama kwa mguu mmoja. Nikafumba macho kwa madaha, nikayumba, nikaketi sakafuni mbele ya wazee wa watu. In-charge, mtu mkavu asiyejua kucheka, alisema tu, "Sasa watakuamini. Wameona wewe pia ni mtu."

Nawaambia haya ninyi vijana mnaopima kila kitu kwa mashine. Sisi usawa wa mwili, yaani uwezo wa mtu kusimama bila kuyumba, tuliupima kwa saa ya mkononi na macho yetu. Kutoka Kabazi nilipelekwa Bahati, ambako kila msimu wa mvua niliwahudumia kina mama walioteleza kwenye matope na mitungi ya maziwa mgongoni. Kisha nikahamishiwa Nakuru mjini. Huko Mkuu wa Idara alinifundisha kuandika nilichoona, si nilichotamani kuona, na kwa hilo bado namshukuru.

Nilipokaribia kustaafu nikawekwa kwenye chumba cha utafiti, chini ya Daktari Mtafiti, binti mwenye umri wa mwanangu wa pili na maneno ya haraka kuliko cherehani. Alitaka kujua kama umeme hafifu, unaopitishwa juu ya ngozi bila kisu wala sindano, unaweza kumfanya mtu mzima mwenye afya asimame imara zaidi. Sponji moja iliyoloweshwa maji ya chumvi ilikaa kisogoni, juu ya sehemu ya ubongo inayoratibu mwendo, na ya pili begani. Wengine walipata umeme wa kweli. Wengine walipata wa kuigiza, unaowasha ngozi kidogo kisha unazimwa bila mtu kujua. Halafu mhusika alisimama juu ya bamba lililopima anavyoyumba.

Wanaume walikuja wakapimwa bila shida. Wanawake niliwaalika mwenyewe kutoka kikundi cha kanisa kule Bahati, nikawaeleza yote isipokuwa jambo moja. Mimi, ingawa ni mwanamke, nywele zangu ni fupi tangu ujanani, basi sikufikiria za wenzangu. Na kwetu mwanamke haendi kuonana na daktari kichwa kikiwa ovyo. Walikuja wamesukwa wakasukika, nywele za kuongezea na mafuta juu, na umeme haupiti hapo. Mashine ikawasha taa nyekundu na kukataa.

Wa kwanza alikuwa Mama Njeri, muuza maziwa. Nilimwomba afumue.

"Jana nimekaa kwa kiti siku nzima nikisukwa juu ya hii miadi yenu," alisema. "Sifumui."

Akaondoka, na wenzake wanne wakamfuata. Jioni Daktari akasema muda unaisha, afadhali tuendelee na wanaume peke yao. Nilikasirika, na sifichi. Kosa lilikuwa langu, lakini wanawake niliowainua matopeni miaka yote ile ndio wangeachwa nje ya kitabu cha utafiti.

"Daktari, hata wanawake husimama," nikamwambia. "Nipe wiki moja."

"Wiki moja, mathe. Halafu tunafunga."

Asubuhi nilienda kwa Mama Njeri kuomba msamaha. Alinifanya nioshe mitungi kwanza, kisha akakubali kufuatana nami hadi mtaa wa Kaptembwo kwa Akinyi, msusi ambaye niliwahi kumtibu mgongo. Nikampa Akinyi sponji. Aliigeuza, akaipima kisogoni kwa Mama Njeri, akafumua mistari ya nyuma tu, akaisuka upya ikazunguka kipande cha ngozi tupu, mraba safi usio na mafuta.

"Hapa tumeacha dirisha," alisema.

Siku iliyofuata taa ikawaka kijani. Mama Njeri aliuliza kama stima ingemuunguza, nikamwambia hata chapati haiwezi kuivisha. Wiki haikuisha kabla ya wale wanne kurudi, na wenzao wa kikundi kuwafuata, wote na madirisha yao.

Matokeo? Kwa watu wetu wale hatukuona tofauti ya kuaminika. Mwenye afya tayari anasimama vizuri, kumwongezea ni kazi. Mama Njeri aliapa amekuwa imara kama nguzo, kumbe alipata umeme wa kuigiza. Alipoambiwa alicheka hadi akashika ukuta. Tuliandika tulichoona, majina ya wanawake yakiwemo kwenye orodha yetu.

Siku ya kuniaga nilichelewa, kama kawaida ya mtu anayelia nyumbani kwanza. Niliingia ukumbini kwa mlango wa nyuma, na nilichoona mbele yangu kilikuwa visogo. Wanawake wa Bahati walijaza benchi tatu, wamesukwa upya, na kila kichwa kilikuwa na dirisha lake. Utafiti ulikuwa umeshafungwa, na hapakuwa na mashine iliyowangoja. Maisha yangu yote nimefundisha watu kusimama, lakini siku hiyo ilibidi nishike mlango.