Ng'ombe wa Maduhu na Bomba la Asteria

Maduhu alizaliwa nje kidogo ya Ngokolo, enzi hizo kukiwa mashamba ya pamba na malisho tu. Mji wa Shinyanga ulipopanuka, wapimaji walipita shambani kwake, barabara ikachongwa, na bomba la maji likafika mlangoni. Kisha afisa mmoja akamwambia, "Mzee, hapa sasa ni mjini. Ng'ombe hawaruhusiwi."

Maduhu alikuwa nao kumi na wanane. Akamwambia mkewe, Asteria, "Mama Scolastika, tuhamie Didia kwa dada yangu."

"Miaka thelathini nimebeba maji kichwani," Asteria akajibu. "Leo yako mlangoni. Siendi."

Hawakugombana. Maduhu akaswaga ng'ombe wake peke yake hadi Didia.

Mwezi uliopita alirudi kusalimia, akapotea katikati ya maduka na nyumba za kupanga. Akamuuliza muuza duka kwa Maduhu ni wapi.

"Shikamoo, babu. Huyo simjui. Labda unatafuta kwa Mama Scolastika?"

"Marahaba. Ndiyo, huko huko."

Asteria alimpokea vizuri, akampa kiti na maji ya kunywa. Kisha akauliza, "Unarudi na gari la saa ngapi?"

Maduhu, aliyekuja na nguo za kulalia, akasema la saa tisa.