Nyuki Waliobaki Kwenye Rangi

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, naikumbuka kwa harufu. Rangi ya mafuta, imechanganyika na asali na moshi. Mpaka leo mtu akipaka mlango hapa mtaani, pua inanirudisha kijijini Ipole, nikiwa mke wa miezi mitatu.

Leo Ester ndiye kanikumbusha. Ester ni mjukuu wangu, msichana wa chuo. Kanunua baiskeli ya mtumba hapa Tabora mjini, imejaa stika na maandishi kila mahali, hayataki. "Bibi, mimi siyo ubao wa matangazo," ananiambia. Nikacheka sana. Basi kakaa uani, kamwagia stika maji ya moto, anazing'oa kwa kucha, gundi iliyobaki anaifuta na mafuta ya kula. Akapiga msasa. Cheni na rimu akazifunga magazeti rangi isiingie. Mimi niko mkekani nachambua mchele, namtazama, mikono mizuri kweli ana yule mtoto. Ila sasa rangi kapuliza saa sita, na saa tisa anataka kuipanda aende kwaya! Nikamwambia, hebu njoo ukae hapa kwanza. Na wewe mwanangu kaa, nafasi ipo.

Mume wangu Yohana alikuwa mrina asali na mkulima wa tumbaku. Baiskeli yake aliinunua kwa bwana mmoja aliyeacha kazi kwenye kampuni ya kununua tumbaku. Baiskeli ngumu, keria yake inabeba madumu mawili ya asali bila kulalamika. Lakini jina la kampuni lilikuwa limeandikwa kwa herufi nyekundu kwenye fremu, kwenye madigadi, mpaka kwenye kifuniko cha cheni. Mimi shule niliishia la pili, lakini herufi zile nilizijua zote, maana nilizipangusa kila Jumamosi.

Kisimani sasa, wanawake wenzangu wakapata la kusema. Alikuwepo mmoja, Mama Shija, ulimi wake huo! Nikitua ndoo tu: "Tabitha, umeolewa na mtu au na kampuni?" Mwingine anadakia, "Muulizeni, likizo anapewa lini?" Wanacheka mpaka maji yanamwagika. Leo naona yalikuwa masihara tu. Wakati ule nilikuwa nalia njiani, ndoo kichwani.

Ikafika wiki Yohana analala kwenye bani, lile banda la kukaushia tumbaku, kwa sababu moto wake hauachwi peke yake. Baiskeli ikabaki nyumbani. Nikasema, ndiyo sasa. Nikachuma majani ya msasa, yale yenyewe ya mtini, yanakwaruza kuliko hii karatasi ya dukani. Nikasugua na majivu, nikafuta na kitambaa cha mafuta ya taa. Herufi zikafifia. Rangi nikapewa na mzee wa kanisa, imebaki kwenye mlango wa kanisa letu la Moraviani, buluu nzito kama uji uliozidi unga. Brashi sina. Nikapaka na unyoya wa kuku.

Usinicheke, ilipakika vizuri tu.

Shida ni zile nyekundu. Nikipaka, nikirudi kutazama, zinachungulia kwa chini. Napaka tena. Zinachungulia. Siku moja ile nilipaka mara tatu, nene nene, bila kungoja ya chini ikauke. Mpaka jioni hakuna herufi hata moja, ni buluu tupu, nikaizunguka ile baiskeli kama bibi harusi.

Kesho yake asubuhi, moto wa bani umekwisha, Yohana akaja na baba yake. Walikuwa wanakwenda porini kurina asali, wapate ya kupeleka kwetu Tura, maana ndiyo ingekuwa mara yetu ya kwanza kwenda kuwaamkia wazazi wangu toka tuoane. Yohana akasimama mlangoni. "Tabitha! Hii ni yetu?"

"Ya nani tena?"

Akacheka, akaishika usukani. Kisha akaniuliza, "Imekauka?"

Sasa hapa unisikilize. Nyuki hataki harufu kali. Mtu wa kwetu analijua hilo kabla hajajua kusoma. Siku ya kwenda kwenye mizinga, mrina asali hata sabuni ya kunukia haogei. Rangi ikikauka sawasawa hainuki tena, ndiyo maana aliuliza. Yeye mwenyewe pua yake ilikuwa imejaa moshi wa bani, hasikii kitu. Na mimi alfajiri ile nilikuwa nimeigusa kwa kidole, chini kule pale vyuma vinapokutana. Juu kulikuwa na utando, kama wa uji uliopoa. Chini kidole kikazama.

Nikaangalia njia ya kisimani. Mama Shija na wenzake walikuwa wanateka maji saa hiyohiyo.

"Imekauka," nikasema. Kidole nikakificha kwenye kanga.

Akapita mbele yao anapiga kengele. Baba mkwe nyuma, kwa miguu, na kienge chake cha kufukizia nyuki. Mama Shija akakaa kimya. Ule ukimya, mwanangu, niliuonea raha mpaka saa nne hivi.

Porini Yohana alitangulia. Akaegemeza baiskeli chini ya mti wenye mzinga, kama siku zote. Jua likaipiga ile rangi, harufu ikapanda juu. Moshi hajawasha bado. Nyuki wakashuka. Akakimbia mpaka kwenye kijito, akajitupa, na ndimo baba yake alimomkuta, uso wote tope, anahema kwa shida. Mzee akawasha kienge, akaitoa baiskeli kwenye nyuki, akamlaza kwenye keria, akamfunga kwa kitenge, akasukuma mpaka zahanati.

Nikaitwa. Nilipofika sikumtambua. Uso umekuwa kama boga, macho hayapo. Mganga alikuwa amemchoma sindano, akatuambia koo lisipozidi kuvimba mpaka jioni, atapona. Tungoje.

Tukangoja. Nilikaa sakafuni karibu na kitanda. Na unajua Yohana alikuwa anasema nini, kwa ile midomo? "Kosa langu. Niliegemeza karibu mno." Anarudia, kosa langu, kosa langu. Na mimi nakivuta kidole ndani ya kanga.

Baba mkwe hakunigombeza. Wakwe wa zamani hawakuwa na maneno mengi na mkamwana. Alinitazama mkono tu, kanga ilikuwa imeteleza. Kidole buluu.

"Kidole hicho kilijua," akasema. Taratibu, wala hakupandisha sauti. Kisha akaongeza, "Zile herufi, mwanangu, hazijawahi kumuuma mtu." Akatoka nje, akaniachia mlango wazi.

Nikabaki na mume wangu asiyeniona. Nikasema yote. Kisimani, unyoya, utando, kidole. Nilidhani atanirudisha Tura kesho yake. Akageuza uso upande wa sauti yangu. Halafu akasema, "Ungesema bado, ningekwenda kwa miguu. Pori lenyewe si mbali."

Basi. Ndiyo hayo tu. Jioni uvimbe wa koo ukashuka, siku ya nne akafungua macho.

Baiskeli ilikuwa na nyuki wamenasa kwenye rangi, fremu nzima, mabawa yamelala hivi. Nikachukua sindano niwabandue, Yohana akanikatalia. Wakakauka humohumo. Miaka mingi tulikaa nayo vile, na mgeni akiuliza, anajibu, "Hiyo ndiyo nembo ya nyumba hii." Mimi nainama, naendelea kupepeta.

Sasa wewe mwanangu, sikukatazi. Maandishi ya watu yatoe kama yanakukera, chombo ni chako, kipake rangi uipendayo. Lakini paka nyembamba, uache ikauke ndipo uongeze, wala usishindane na kilicho chini kwa kurundika juu yake. Na mtu anayekuamini akikuuliza imekauka, mwambie ulichokiona kwa kidole chako. Kusema bado kunachukua muda mdogo sana. Mimi nilishindwa kwa ajili ya wanawake watano wa kisimani, na hata majina yao sasa wengine nimeyasahau.

Ester kaenda kwaya kwa miguu. Baiskeli iko uani, magurudumu juu, mpaka keshokutwa.

Haya, Mungu akupe mikono mizuri na ulimi usioikimbia mikono hiyo. Akupe na mtu wa kukuuliza, naye ukimjibu alale usingizi.