Somo Yangu Kutoka Ayalandi

Juzi, kwa daktari wa meno pale Khuwair ya Kusini, hapa Maskati, muuguzi aliita "Kiara!" tukainuka watu wawili: mimi, na msichana mdogo aliyeshika mkono wa mama yake. Nilirudi kitini nikicheka peke yangu. Mwenzangu, katika utoto wangu wote sikupata kumsikia Kiara mwingine Maskati nzima ila mmoja, na huyo ndiye niliyepewa jina lake.

Alikuwa mkunga kutoka Ayalandi, jirani yetu wa ghorofa ya juu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, mama aliposhikwa na uchungu, mimi nilikataa kutoka. Yule mkunga alikaa naye kutwa na kucha mpaka nikalia. Bibi yangu mzaa baba, mzaliwa wa Unguja na bingwa wa kubishana, akaapa pale pale kwamba aliyemtoa mtoto huyu ndiye somo yake. Kwetu watu wa jina moja huitana somo, na usomo si mchezo, ni udugu. Basi siku ya saba, kwenye akika, nikaitwa Kiara, na shangazi akanuna mpaka nikaota meno.

Kila sikukuu kazi yangu ilikuwa kupandisha sahani ngazini: visheti, na mkate wa kumimina ungali wa moto, ukinukia hiliki mpaka majirani wachungulie. Mkunga alifungua mlango akisema, "Karibu, somo!" kwa lafudhi ya ajabu, kisha sahani ikarudi na mkate wao mzito wa magadi uliopakwa siagi. Bibi aliula wote na kuusema vibaya.

Nilipofika darasa la pili, mwalimu wetu alitutaka kila mmoja aje kesho na maana ya jina lake. Wenzangu walikuwa na nuru zao na matumaini yao. Mimi sikuwa na kitu. Shangazi alifurahi, ungemwona! Akasema jina lisilo na maana libadilishwe, majina yamejaa tele. Baba, asiyependa zogo, akakata shauri: maana ikiwa si nzuri, atalibadilisha. Niliogopa kweli. Nikiitwa Zuwena, nani ataniita somo tena?

Jioni ile nilikuwa juu ya mbuzi, nikikuna nazi ambazo bibi alizinunua soko la Mawaleh, mkunga alipoitwa ashuke. Mama ndiye aliyetafsiri. Jina ni la kale, alisema mkunga. Karne nyingi nyuma alikuwako mwanamke mcha Mungu aliyeitwa hivyo, na siku hizi limerudi kwa kishindo, kwao wasichana wengi wanaitwa Kiara. Na maana yake? Mkunga akajibu akitabasamu. Mama akanitazama kwanza.

"Mweusi," akasema mwisho. "Mwenye weusi."

Mimi nilikuwa mweusi kuliko watoto wote wa nyumba ile, na shuleni nilishaambiwa hivyo, wala si kwa wema. Shangazi akagonganisha viganja.

"Basi! Mtoto mwenyewe mweusi, na jina mmemwongezea! Si watamcheka?"

Bibi akaweka kikombe chini. "Watamcheka kitu gani? We mwenyewe hutoki mlangoni bila ya wanja, huo wanja rangi gani? Na Nyumba ya Mwenyezi Mungu, pale Makka, imevishwa nguo gani? Mie nnaijua nyeusi. Kama we unajua nyengine, nambie."

Baba akacheka, akaomba kahawa. Jina likabaki.

Asubuhi nilisimama darasani, nikasema kwa Kiarabu lakini kwa kiburi cha bibi: Kiara maana yake mweusi, kama nguo ya Kaaba. Mwalimu akaniambia nirudie, wa nyuma wasikie. Nikarudia, tena kwa sauti. Sijawahi kujiona mrefu kama siku ile.

Bibi alifariki, Mungu amrehemu, na miaka ya elfu mbili ilipoingia mkunga akarudi kwao. Jengo letu lingalipo, ila hakuna sahani inayopanda ngazi. Wa juu na wa chini wote wanaletewa chakula kwa pikipiki. Nami tangu wakati huo sijaitwa somo na mtu.

Basi juzi kwa daktari nilimuuliza mama wa yule msichana jina amelipata wapi. Akanijibu kwa Kiswahili chetu kwamba aliliona kwenye simu, linapendwa siku hizi, na ni tamu mdomoni. Maana yake hakuijua. Mtoto alikuwa mweusi wa kupendeza, ananikodolea macho. Nikachutama mbele yake nikampa maneno ya bibi, wanja na Kaaba, bila kupunguza hata moja.

Akautazama mkono wake, kisha wangu.

"Na we pia Kiara?"

"Na mimi pia, somo."