Mawe ya Twalibu

Mwaka wa tisini na tano, mitaa mingine ya Bujumbura ikiwaka moto wa vita, shemeji yangu Twalibu, fundi wa vioo wa mtaa wa Buyenzi niliyekaa kwake, aliweka mawe ya ziwa ndani ya beseni la maji juani. Aliyageuza taratibu kama mtu anayegeuza mgonjwa, akingoja yaote utelezi wa kijani, maana samaki aliowataka huishi kwa kulamba mawe.

Ilipokaribia Idi, dada yangu Fatouma akayasugua kwa majivu mpaka yakang'aa. Nani apokee wageni na mawe machafu uani? Twalibu aliyatazama, akayarudisha juani.

Mwishowe sanduku lake la kioo likajaa maji, na samaki weusi wenye mshipi wa njano wakaelea humo kama ndoto. Kila mmoja alilinda jiwe lake. Siku ya kuongeza wengine, Twalibu alitoa mawe yote, akayapanga upya.

"Bila hivyo wataua wageni," alisema. "Mi nawasahaulisha kwanza. Wote wanaanza pamoja."

Nilimwambia huo ni upuuzi wa mtu asiye na kazi.

Juma lile rafiki yake Rénovat alifika na familia yake kutoka mtaa wa Kamenge, magodoro kichwani, nyumba yao imechomwa.

"Mungoje kidogo," Fatouma aliwaambia mlangoni.

Akaingia ndani, akavuta vitanda, mikeka na kabati, chumba kwa chumba, mpaka mimi mwenyewe sikujua tena ninalala wapi. Ndipo akawaambia karibu.