Talaka ya Nafsineni

Wenzangu, juzi nilijiaibisha huko Somanga, na nasema mwenyewe kabla hamjasikia kwa majirani.

Nilikwenda kumtembelea mjukuu wangu Mwanahawa, mwalimu wa Kiswahili. Nikiwa bado mlangoni, nikamsikia jikoni akighani: "Ndoa hii menichosha, nirudisheni kwa mama." Kwetu mwanamke haghani bure, kuna mtu anamfikishia ujumbe. Sikupiga hodi. Nikaingia chumbani, nikafunga nguo zake kwenye kanga, furushi kichwani, nikamkabili mumewe Selemani aliyekuwa uani akipara samaki.

"Mpe talaka yake sasa hivi."

Majirani wakajaa. Mwanahawa akatoka mbio.

"Bibi, shairi ulilosikia ni somo la kesho la wanafunzi wangu. Anayelalamika humo ni nafsineni, si mimi."

"Nafsineni ndiye nani? Ana wazazi? Basi naye arudi kwao."

"Hana kwao, Bibi. Ni msemaji wa ndani ya shairi tu. Mtunzi ni mtu mwingine kabisa."

"Niitieni huyo mtunzi anayevunja ndoa za watu, nimwone uso."

Mwanahawa akaangua kicheko hadi akakaa chini. Selemani akaweka kisu, akapangusa magamba mikononi.

"Mtunzi ni mimi, Bibi."